Herufi za Mjomba

Tunduma tulijifunza michoro ya kompyuta kupitia kadi za michango. Ulipewa faili la harusi ya watu wengine, ukafuta majina, ukaandika mapya, ukabadili rangi ya maua. Labda kufikia kadi ya kumi ndipo ulipothubutu kulisogeza ua lenyewe. CorelDRAW ilikuja kwenye flashi na leseni hakuna aliyeiuliza. Mafaili nayo yalirithiwa hivyohivyo, steshenari hadi steshenari, Mlowo, Vwawa, hadi ng'ambo Nakonde.

Mjomba wangu alikuwa upande mwingine kabisa: rangi na brashi. Saluni, gereji, na malori yanayongoja kuvuka kwenda Zambia. Foleni iliyolaaniwa na kila mtu ilikuwa neema kwake, maana dereva aliyekwama siku tatu ana muda wa kuandikiwa jina la mwanawe nyuma ya lori. Mwaka 2016 Songwe ikamegwa kutoka Mbeya, na mabango yenye jina la mkoa wa zamani yakahitaji kuandikwa upya. Nikasema huu ndio msimu wake. Kazi karibu yote ikaenda kwenye mashine za kuprinti.

Siku moja akaingia steshenari nilikokuwa nasaidia wakati wa likizo.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mjomba. Hiyo R nani kaichora?"

Sikuwa na jibu. R ilikuja na kompyuta.

Akachora zake kwenye karatasi ya manila, tukazipiga picha kwa simu, tukaanza kuzifuatisha kwenye Corel. Mwanzoni, kila alipofika mwisho wa mstari, aliinyanyua mausi juu kama brashi, na mshale ukaganda. Lakini mikunjo aliielewa kabla yangu. Mimi niliweka nukta kumi na tano kwenye tumbo la R, likatoka na makunyanzi. Yeye akaweka nne. Mkono ukisimamasimama njiani, alisema, rangi inaonyesha.

Baadaye, nikiikwepa tasnifu yangu ya uzamili, nilisoma kuhusu Thomas Knoll. Mwaka 1987 alikuwa mwanafunzi wa uzamivu Michigan alipoanza kuandika programu iliyokuja kuwa Photoshop, naye alikuwa amejifunza kusafisha picha kwenye chumba cha giza cha baba yake. Kumbe hata huko kazi ya mikono ilitangulia. Sisi tulipokea programu kwanza, herufi tukazikuta ndani, tukadhani ndivyo zilivyo.

Mjomba alimaliza zote isipokuwa Q. Hakuna mteja aliyewahi kuilipia, alisema.

Sasa herufi zake zinazunguka kwenye flashi kama zilivyozunguka zile kadi, na hakuna anayemlipa. Mwaka jana niliiona R yake Vwawa, kwenye bango la duka la dawa. Nikampigia picha, nikamtumia, nikijiandaa kwa hasira zake.

Akajibu: "Nani kaibana hivyo? Mwambie aipe nafasi."