Nani Awe Nahodha?

Wako watu wenye akili zao, tena waliosoma, ambao huona mchezo kuwa jambo la kupitisha saa za jioni tu. Mkulima aliyeshika jembe tangu alfajiri, au karani aliyeinamia mafaili mpaka saa kumi, husikia ajabu akiambiwa kuwa wanaume wazima wametokwa na machozi kwa sababu ya mpira. Lakini mtu atakaye kuwajua watu wa nchi nyingine asisome habari za wafalme wao na vita vyao peke yake. Na atazame pia wanacheza nini, nani huruhusiwa kucheza, na hasa nani huruhusiwa kuwaongoza wenziwe uwanjani. Hapo ataona mambo ambayo hayakuandikwa katika sheria yoyote.

Mfano ulio bora kupita yote ni ule wa visiwa vya West Indies, katika bahari ya Karibi. Wengi wa wenyeji wa visiwa hivyo ni vizazi vya Waafrika waliopelekwa huko utumwani kulima miwa. Wengine ni vizazi vya Wahindi walioletwa kwa mikataba ya kazi baada ya utumwa kukomeshwa, na wachache walikuwa Wazungu, wenye mashamba na maduka makubwa. Waingereza waliotawala huko walileta mchezo wao wa kriketi. Si rahisi kuueleza kwa mtu asiyeuona: huyu hurusha mpira, yule huupiga kwa gongo bapa, wengine huukimbilia na kuudaka, na mechi kubwa baina ya nchi na nchi huweza kuchukua siku tano, wachezaji wakipumzika ili wanywe chai. Una adabu kali pia. Mwamuzi akisema umetoka, huondoka bila kutamka neno, hata kama unajua moyoni kuwa amekosea. Shule za visiwani zilifundisha adabu hiyo pamoja na Kilatini, na watoto wa weusi wakaishika barabara.

Hata hivyo rangi haikubaki nje ya uwanja. C. L. R. James, mwalimu na mwandishi wa Trinidad, alieleza katika kitabu chake Beyond a Boundary, kilichotolewa mwaka 1963, jinsi vyama vya kriketi kisiwani humo vilivyogawanyika. Wazungu walikuwa na chama chao, weusi wa tabaka la chini chao, na hata wale waliokuwa maji ya kunde walikuwa na chama ambacho hakikupenda kumwingiza mtu mweusi sana. Mtu alijulikana ni nani katika nchi yake kwa kofia aliyovaa siku ya Jumamosi.

Timu ya visiwa vyote pamoja ilikubaliwa kucheza mechi kubwa za kimataifa mwaka 1928. Tangu hapo weusi ndio waliokuwa nguvu ya timu, lakini nahodha alichaguliwa daima miongoni mwa weupe, au walio karibu na weupe. Mara moja tu, katika mechi moja mjini Bridgetown mwaka 1948, timu iliongozwa na George Headley wa Jamaica, mweusi na mmoja wa wapigaji bora wa dunia. Mwaka 1950 West Indies waliwashinda Waingereza katika uwanja wa Lord's, London, kitovu chenyewe cha kriketi. Waliofanya kazi kubwa ya kurusha mpira siku zile walikuwa vijana wawili, Ramadhin, wa asili ya Kihindi, na Valentine, mweusi wa Jamaica. Wahamiaji kutoka visiwani waliokuwapo London waliingia uwanjani wakiimba na kucheza ngoma. Waingereza wazee walishangaa, wengine wakatabasamu. Lakini nahodha wa siku hiyo ya furaha alikuwa mweupe vilevile.

Maana yake ilikuwa nini? Mweusi aliaminiwa kurusha mpira, kuupiga, kuukimbilia na kuudaka. Kufikiri kwa niaba ya wenziwe ndiyo kazi aliyodhaniwa haiwezi. Karani yeyote aliyepata kuandika barua nzima kwa mkono wake, kisha akaona sahihi ya mtu mwingine chini yake, ataelewa jambo hili bila kufafanuliwa zaidi.

Mtu aliyefaa kuongoza alikuwapo. Frank Worrell alizaliwa Barbados mwaka 1924, akapata shahada katika Chuo Kikuu cha Manchester, na alikuwa amekwisha kuongoza timu za wachezaji mashuhuri katika ziara za Bara Hindi. Mwaka 1960 James, ambaye wakati huo alikuwa mhariri wa gazeti la The Nation mjini Port of Spain, aliandika tena na tena, bila matusi lakini bila kuchoka, akitaka Worrell apewe unahodha. Hatimaye alipewa, kwa ajili ya ziara ya Australia. Inafaa pia kumtaja kwa heshima Gerry Alexander, aliyekuwa nahodha kabla yake. Wengi wangalisusa. Yeye alikwenda Australia chini ya Worrell na kumchezea kwa nguvu zake zote.

Mechi ya kwanza ilichezwa Brisbane mwezi wa Desemba mwaka 1960. Siku ya tano, jua likielekea kuzama, kila upande ulikuwa na alama 737, na Mwaustralia mmoja tu amebaki wa kupiga pamoja na mwenzake. Wakajaribu kukimbia wapate alama moja ya ushindi. Joe Solomon wa Guiana aliuokota mpira akiwa pembeni, akaona kijiti kimoja tu cha kulenga, akautupa na kukipiga. Ikawa sare, na katika mechi zote za namna hiyo tangu zilipoanza mwaka 1877 jambo hilo halijapata kutokea. Mwisho wa ziara Waaustralia walishinda mechi mbili na wageni moja. Lakini watu wa Melbourne walijipanga barabarani kwa maelfu kuwaaga walioshindwa, katika nchi ambayo siku hizo bado ilikuwa na sheria za kuwazuia watu wasio weupe kuhamia. Kombe linaloshindaniwa na nchi hizo mbili likapewa jina la Worrell.

Visiwa hivyo viliunda shirikisho la siasa mwaka 1958, nalo likavunjika mwaka 1962. Kila kisiwa kikajitafutia bendera yake na wimbo wake. Timu ya kriketi haikuvunjika, na mpaka leo nchi zisizokuwa na serikali moja zinacheza pamoja. Worrell alifariki mwaka 1967 kwa ugonjwa wa damu, naye ana umri wa miaka 42 tu.

Mbio hazina nahodha, na pengine ndiyo sababu Mwafrika wa Kenya alipata nafasi huko mapema. Mwezi wa Julai mwaka 1954 Lazaro Chepkwony alikimbia maili sita katika uwanja wa White City, London, bila viatu, akalazimika kuacha njiani. Siku iliyofuata Nyandika Maiyoro wa Kisii aliingia mbio za maili tatu, akawaacha Waingereza nyuma mbali sana, kisha akapitwa na wawili waliovunja rekodi ya dunia katika kumfukuza. Alimaliza wa tatu.

Waairishi walishika njia nyingine kabisa: mchezo wa mtawala waliukataa. Mwaka 1884, katika mji wa Thurles, walianzisha chama cha kuhifadhi michezo ya wazee wao, hasa ule wa hurling, ambao huchezwa kwa fimbo pana na kwa kasi ya kutisha. Wachezaji wake mpaka leo hawalipwi mshahara. Kila mmoja huchezea parokia yake na wilaya yake. Chama kiliwakataza wanachama kucheza, na hata kutazama, mpira wa miguu, raga, hoki na kriketi. Sheria hiyo haikujali cheo. Mwaka 1938 Rais wa nchi mwenyewe, Douglas Hyde, aliondolewa katika ulezi wa chama kwa kuwa alihudhuria mechi ya mpira wa miguu. Huko kulikuwa kupita kiasi, na sheria hiyo ilifutwa mwaka 1971, lakini asiyejua habari za uwanja wa Croke Park, Dublin, asiharakishe kuwacheka. Tarehe 21 Novemba 1920, baada ya wapiganaji wa Kiairishi kuwaua wapelelezi wa Kiingereza asubuhi, askari wa serikali waliingia uwanjani mchana na kuwapiga risasi watu waliokuja kutazama mchezo. Walikufa 14, na mmoja wao alikuwa mchezaji, Michael Hogan.

Basi mwaka 2007, uwanja wa raga wa Dublin ulipokuwa ukijengwa upya, Waairishi waliwakaribisha Waingereza kucheza raga hapo hapo Croke Park. Kwa siku nyingi watu walibishana kama wimbo wa mfalme na malkia wa Uingereza uimbwe mahali ilipomwagika damu. Uliimbwe, nao umati wa watu zaidi ya elfu themanini ukausikiliza kwa utulivu. Kisha mchezo ukaanza, na Ireland wakashinda kwa alama 43 kwa 13.