Mume Wangu, Gofu na Vilima vya Kigali



Bi harusi mmoja ameniuliza: "Dada, mume wangu kila Jumamosi yuko kwenye gofu. Nifanyeje?" Nilicheka kwanza, kisha nikanyamaza. Mwaka wangu wa kwanza wa ndoa uliponea chupuchupu kwa sababu ya kijipira kisichozidi ndimu. Leo nawasimulia, pengine atafaidika mtu.

Niliolewa Unguja, na baada ya fungate nikamfuata mume wangu Kigali, alikokuwa akifanya kazi ya uhasibu. Rwanda ni nchi ndogo, kilomita za mraba 26,338 tu. Tanzania yetu inaweza kuimeza zaidi ya mara thelathini. Lakini udogo wake umesimama wima! Wenyewe huiita nchi ya vilima elfu, na Kigali ipo zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Mie mtoto wa pwani, nikitoka sokoni na kikapu, nilikuwa nafika nyumbani nahema kama nimekimbizwa.

Huko vilima vimelimwa matuta mpaka juu, kila kipande cha ardhi kina kazi. Ndiyo maana nilishangaa siku tulipopita mtaa wa Nyarutarama nikaona bonde zima la majani mabichi, halina ndizi wala maharage. Nikauliza, "Hili shamba la nani?" Mume wangu akacheka. "Hilo shamba la gofu."

Ni uwanja wa mashimo 18, uliosanifiwa upya na kampuni ya Gary Player, yule mchezaji mashuhuri wa Afrika Kusini, na ukafunguliwa mwaka 2021. Sikujua kama shamba lile litanivunia machozi.

Wenzake kazini walimpeleka mara moja, akanasa. Kila Jumamosi anatoka saa moja asubuhi, ananiambia "narudi sasa hivi", anarudi alasiri. Hata Jumamosi ya mwisho ya mwezi, siku ya umuganda, watu wakishamaliza kazi za jamii asubuhi, mchana yuko uwanjani. Mie nimekaa peke yangu, sina mama wala shangazi wa kumlalamikia. Hofu ikaingia. Nikajiambia, hakuna mchezo wa saa sita, kuna mtu huko.

Nikafanya jambo ambalo naona haya kulisema: alipolala nikachukua simu yake nikaipekua. Sikukuta mwanamke. Nilikuta risiti ya fimbo za gofu, zile alizoniambia ameazimwa na rafiki. Bei yake ilikuwa kodi ya nyumba ya miezi miwili. Na sote tulikuwa tumekubaliana kuweka akiba ya kujenga Unguja.

Sikusema kitu. Nilimwambia tu, "Jumamosi hii nakuja nawe."

Nilivaa suruali pana, baibui fupi la michezo, raba, na kofia juu ya hijabu. Hakuna aliyenishangaa, maana gofu wenyewe wanapenda mavazi ya heshima. Tukatembea na kedi, kijana wa kumbebea mkoba wa fimbo, binti wa Nyamirambo mwenye Kiswahili kitamu. Tulipanda na kushuka vilima mpaka magoti yakaniimba. Yeye ndiye aliyenielewesha kwa nini unachukua saa nne au tano: kila shimo lina idadi ya mapigo yanayotarajiwa, na kila pigo lazima lihesabiwe, zuri na baya. Akaniambia pia kwamba kwenye miinuko hewa ni nyepesi, mpira huruka mbali kuliko pwani, kwa hiyo mgeni hupotea kwenye mahesabu.

Kwenye shimo moja mpira wa mume wangu uliingia majani marefu, chini ya mteremko. Wenzake walikuwa mbali, na mie na kedi tulikuwa nyuma yake, hatuoni kitu. Akaweka fimbo nyuma ya mpira, akasimama ghafla. Akainua mkono akapaza sauti: "Umesogea. Niongezeeni moja." Akaurudisha mahali pake, ndipo akapiga.

Nikamuuliza kedi, "Nani aliyeona?" Akasema, "Hakuna, mama. Gofu ndivyo ilivyo. Hakuna refa anayekufuata, unajisemea mwenyewe."

Baadaye nilisoma kwamba mwaka 1925, katika mashindano makubwa ya Marekani, Bobby Jones alijihesabia pigo la adhabu kwa mpira ambao yeye peke yake aliuona ukisogea. Akaishia kushindwa ubingwa katika mchezo wa marudiano.

Usiku ule, baada ya Isha, nilimtengea chai nikamwambia: "Leo nimekuona ukisema kweli mahali ambapo hakuna shahidi isipokuwa Allah. Mbona kadi ya nyumbani kwetu hujaiandika sawasawa?" Nikataja risiti.

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akaniuliza, kwa upole, "Risiti umeiona wapi?"

Basi na mie nikawa na pigo langu la kujihesabia. Nikamwambia nilipekua simu yake, na nilimdhania uzinzi bila ushahidi. Tulilia sote wawili, wallahi. Yeye aliona aibu kwa uongo wa pesa, mie kwa dhana mbaya. Nusu ya zile fimbo aliziuza mwezi ule. Gofu hakuiacha, wala sikumwomba aiache. Lakini sasa anacheza Jumamosi mbili kwa mwezi, anataja saa ya kurudi akairudi, na pesa za mchezo zina bahasha yake. Dhuhuri ikiingia katikati ya mashimo, anasimama kando anaswali, wenzake wanamsubiri. Na wakiwekeana dau, kama ilivyo desturi ya wengi, yeye hayumo.

Kwa hiyo bi harusi wangu, usianze na kununa. Nenda naye mara moja. Vaa viatu bapa, nyamaza mtu anapopiga, usipite mbele ya mpira wa mtu. Ujue anakokwenda na anakaa na nani. Kisha keni mzungumze saa, pesa na swala. Na kabla ya kuikagua kadi yake, kagua na yako.

Allah azijaalie nyumba zetu ukweli na huruma. Amin.