Nikikaza Ndiyo Inazidi

Baba yangu ni fundi saa, Tanga. Mikono ilianza kumtetemeka mwaka ule niliopata nafasi ya kusoma Marekani. "Nikikaza ndiyo inazidi," aliniambia, nami nikadhani ni uzee tu unaongea.

Sasa niko Livingston, Louisiana, kwenye mtambo wa LIGO unaonasa mawimbi ya mvutano: mabomba mawili ya kilomita 4 kila moja, yaliyokutana kama herufi L katikati ya misonobari. Ndani, mwale wa leza huenda na kurudi kati ya vioo vya kilo 40 vilivyoning'inizwa. Tunautaka mwale uwe na umbo moja tu, mkali katikati na unaofifia taratibu kuelekea ukingoni, kama tochi iliyomulika ukuta. Tena tunautaka uwe na nguvu nyingi.

Mwaka 2014, kabla sijafika, nguvu ndani ya mabomba ilipokaribia kilowati 50, kioo kimoja kilianza kuvuma. Kioo kina sauti zake, kama kengele. Hii ilikuwa ya mitetemo 15,000 hivi kwa sekunde. Mtetemo ukachota mwanga kidogo kutoka kwenye umbo lake, ukautupa katika umbo jingine, la madoa yaliyotengana. Madoa nayo yakakisukuma kioo kwa mdundo uleule. Kioo kikazidi kutetemeka, madoa yakazidi kung'aa, mpaka mtambo ukashindwa kujishikilia. Vladimir Braginsky na wenzake huko Moscow walikwisha kulitabiri hilo mwaka 2001.

Nilipoisoma ripoti ile niliifunga, nikatoka nje kidogo.

Dawa haikuwa kukibana kioo. Walikipasha joto kwa pete inayokizunguka, mpindo wake ukabadilika kwa kiasi ambacho jicho halioni, na madoa yakapoteza mdundo. Ukiongeza nguvu tena, sauti nyingine huamka; baadaye vikagundishwa vidude vidogo ubavuni mwa vioo, vya kumeza mitetemo.

Jumapili nilimpigia baba kwa video. Nikaona dari, bega, dari.

"Shikamoo baba. Usiishike simu. Iegemeze mahali."

"Marahaba. Wapi sasa?"

Akaiegemeza kwenye kopo la sukari. Uso wake ukatulia, mzima. Nyuma yake niliona meza ya kazi. Haikuwa na saa hata moja.