Bahari ya Jabali

Jambo la kwanza nililoliomba nilipofika Juba ni kupelekwa mtoni. Mwenyeji wangu alinitazama akanyamaza kidogo. Nilikuwa ndani ya basi tangu Ijumaa jioni nilipoondoka Kampala. Karuma tulivuka Nile gizani bila kuiona, Elegu tukapanga foleni alfajiri pasi mkononi, na baada ya Nimule zikabaki kilomita 192 za lami, ile barabara iliyokamilika mwaka 2012. Mtu aliyesafiri hivyo hutaka maji ya kuoga na godoro. Lakini mimi ni mtoto wa Mwanza, nimekulia Kirumba, na tangu nianze masomo Makerere nilikuwa na shauku moja: kuyaona maji ya kwetu yakipita mahali ambapo watu wanayaita kwa jina jingine.

Jina lenyewe ni Bahr el Jebel. Mswahili akilisikia hahitaji mkalimani: bahari na jabali. Ndivyo Nile Nyeupe inavyoitwa tangu inapoingia Sudan Kusini ikishuka kwenye miamba ya Fula, karibu na Nimule, mpaka inapopotelea kwenye vinamasi vya Sudd. Kiarabu cha Juba kina maneno mengi ya namna hiyo, na ndani ya rakisha, ambayo ni bajaji yetu, nilikuwa nikiyaokota moja moja: suk, samak, dukan, kitab. Dereva akageuka, amefurahi, akaniuliza nilijifunza wapi Kiarabu. Mwenyeji wangu akamjibu kwa niaba yangu kwamba huyu hajui Kiarabu hata kidogo, huyu anaongea Kiswahili.

Mto ni mpana na una haraka. Hilo lilinishtua, maana maji niliyoyazoea mimi hukaa. Ziwa hupiga wimbi, linarudi, linapiga tena. Lakini hapa kila kitu kilikuwa kinaondoka. Vichaka vya magugu maji vilipita vikizunguka, ndege weupe wamesimama juu yake kama abiria. Chini ya miembe vijana walikuwa wakiosha bodaboda, na kandokando ya ukingo malori ya maji yalikuwa yamejipanga kunyonya mto kwa mabomba, kwa sababu nyumba nyingi za Juba hununua maji kutoka kwenye malori hayo. Juu kidogo kuna daraja la zamani lililolibeba jiji hili kwa miongo kadhaa, na jipya, Daraja la Uhuru, lililojengwa kwa msaada wa Japani na kufunguliwa Mei 2022. Simu niliiacha mfukoni. Juba si mji wa kutoa simu na kupiga picha madaraja, na nashukuru, maana nilitazama kwa macho.

Niliinama nikanawa uso. Maji haya yametoka Jinja, yamepita Kyoga, yameanguka Murchison, yameingia Ziwa Albert, yametoka tena. Ningeweza kuyataja mapito hayo usingizini. Ni jiografia ya darasa la sita. Lakini jiografia ya darasani haikuniambia kuhusu sangara.

Jioni ile tulikula samaki pale pale ukingoni, amekaangwa mzima, kwa kisra nyembamba kama leso. Mama aliyetuuzia alimwita ijil. Nikalitazama lile jicho, ule mgongo, nikamtambua. Mwanza sangara amejenga viwanda, amesomesha watoto, na wazee wetu husema pia ndiye aliyewamaliza furu. Huku hakuletwa na mtu. Huu mto ndio kwao. Kwetu ndiye mgeni, aliyechukuliwa huku chini na kupandikizwa ziwani katika miaka ya 1950, wakati wa ukoloni. Nilikula polepole kuliko kawaida yangu.

Nyumbani kwa mwenyeji wangu ni upande wa magharibi, kuelekea Jebel. Yeye ni Mdinka wa Bor, amekulia kambi ya Kakuma kule Kenya, na Kiswahili chake ni cha Kakuma, kina haraka na hakijali sana ngeli. Mama yake alikuwa amekaa kwenye kiti cha kamba akichambua majani ya kunde. Nikamwamkia kama nilivyolelewa:

"Shikamoo, Mama."

Akasita. Kisha akacheka kwa furaha, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Marahaba! Hiyo salamu sijasikia siku mingi."

"Mama, huyu ni wa Mwanza," mwanawe akamwambia. "Kule ziwa iko."

Mama akaacha kuchambua majani. "Ziwa ya Victoria? Ile maji inatoka huko?"

Nikamjibu ndiyo. Sikujua bado nilikuwa najibu nini.

Nirudi nyuma kidogo. Mwaka 2020 nilikuwa kidato cha pili, na tangu Machi shule zilikuwa zimefungwa kwa sababu ya korona, kwa hiyo nililiona ziwa likipanda siku baada ya siku. Kutoka uani kwetu kuna ngazi za mawe zinazoshuka majini, ngazi kumi na moja. Mwezi Mei zilibaki tatu. Kila Jumapili Baba alichora mstari wa rangi nyeupe pale maji yalipofika, na sisi watoto tulikuwa tukibishana ni ngazi ipi itakayofuata. Mwezi huohuo kipimo cha Jinja kilifikia mita 13.42, kikaipita kwa unywele rekodi ya mwaka 1964. Milango ya mabwawa ya Jinja ilifunguliwa ili ziwa lipumue. Halafu maji yakaanza kushuka, ngazi zikarudi moja moja, na nyumbani tukasema Mungu ametusaidia.

Maji yale yalikwenda mahali. Yalikwenda Bor.

Mama alinisimulia bila kupandisha sauti. Walikuwa wamezoea mafuriko. Bor iko chini na nchi ile yote ni tambarare kama mkeka. Kuna matuta ya udongo ya kuuzuia mto, na mvua za kwao zilikuwa zimeanza. Mwaka ule matuta yalikatika. "Maji ilikuja usiku," alisema. "Tukafikiri itarudi, kama kila mwaka. Haikurudi." Ng'ombe walisimama majini mpaka kwato zikaoza. Nyumba ya udongo ikalainika kutoka chini, ikakaa kama mtu aliyechoka. Maelfu ya watu walihama wakaja upande huu wa Juba, wengi wao wakawekwa Mangalla, kambi iliyo kandokando ya mto huohuo. Yeye alikaa huko miezi minane kabla mwanawe hajapata chumba hiki.

Wazee wa Bor, akaongeza, walikumbuka maji ya aina ile mara moja tu, walipokuwa vijana. Nikamwuliza mwaka gani. Hakuujua, lakini mimi niliujua. Ziwa lilipopanda miaka ya 1961 hadi 1964, vinamasi vya Sudd vilitanuka vibaya, na vizazi vya wafugaji vilihama. Historia ya ziwa letu imeandikwa huku, katika miili ya ng'ombe na nyumba za watu, na sisi wa juu hatujawahi kuisoma.

Nilimwambia pole. Neno lilikuwa dogo mno, nikalirudia. Akatikisa kichwa. "Maji haina makosa, mwanangu. Na wewe ulikuwa mtoto." Kisha akanipa karanga.

Jumapili tulivuka kwa mtumbwi wa injini hadi Gondokoro. Siku hizi ni kisiwa cha mashamba: mahindi, miembe, bamia, ambazo huku nako huitwa bamia. Lakini jina hilo lilikuwa la kutisha karne ya 19, kituo cha wafanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa. Februari 1863 mpelelezi Speke alifika hapa kwa miguu akitokea Uganda, akamkuta mpelelezi mwenzake Samuel Baker. Vitabu vinawasifu hao wawili. Mimi nilikuwa namfikiria Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto, akapelekwa India, akarudi Zanzibar akiwa huru. Agosti 1858 alikuwa pamoja na Speke walipoliona ziwa pale Mwanza, na miaka minne na nusu baadaye alikuwa hapa, na wenzake waliokuwa wakizungumza Kiswahili. Yeye aliyaona maji haya kwenye ncha zote mbili kabla ya wazazi wa babu zangu. Nilitamani kujua kama naye aliinama akanawa uso.

Alasiri tulipanda Jebel Kujur. Chini yake kuna kina mama wanaoponda mawe kuwa kokoto chini ya vivuli vya magunia, nyundo zao zikigonga bila kupokezana. Kutoka juu Juba yote ni mabati yanayong'aa, na ng'ambo yake mto, mstari wa kijani unaoelekea kaskazini. Mwenyeji wangu alinyoosha kidole. "Bor ni huko." Hakuna kilichoonekana ila ukungu wa joto.

Jumatatu alfajiri Mama aliamka kuniaga. Alikuwa amenifungia karanga nyingine katika kitambaa. Akasimama mlangoni akaniambia:

"Kule kwenu, maji ikipanda, mtuambie. Msingoje serikali. Piga simu."

Nilimwambia nitapiga.

Nimule, wakati abiria wengine wakinunua chai, nilimpigia Baba. Hakuelewa kwa nini nataka kujua habari za ngazi saa mbili asubuhi, lakini alitoka uani na simu sikioni. Nilisikia kandambili zake juu ya mawe. Akahesabu kwa sauti. Sita ziko wazi, akasema, ya saba inalambwa. Nikaandika namba hiyo na tarehe kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari langu, kisha nikamtumia ujumbe mwenyeji wangu kule Juba, amsomee mama yake.