Gauni Linaweza Kungoja



Mwezi uliopita bi harusi mmoja alitupigia simu kuuliza kama aje kupima gauni lake, maana alikuwa na homa na kikohozi. Tukamwambia abaki nyumbani apone kwanza, gauni linaweza kungoja. Akacheka: "Mafundi gani nyie mnafukuza wateja!" Hatukumjibu kwenye simu. Jibu lake ni refu, na tumeona tuliandike hapa, kwa sababu linawahusu mabibi harusi wengi, na linatuhusu zaidi sisi tunaowavalisha.

Sisi ni wanawake watatu. Tunashona pamoja katika chumba kimoja hapa Kilwa Masoko: magauni ya harusi, mashela, sare na mabuibui ya kila siku.

Mnaijua Shaaban ya mafundi. Kila mtu anataka kuozesha kabla ya mfungo, na usiku hatulali. Shaaban ya mwaka 2020 tulikuwa na harusi nne mkononi. Kubwa kuliko zote ilikuwa ya wiki ya kwanza ya Aprili: gauni la bibi harusi, la singo, na sare arobaini za kina mama. Kianzio tulishapokea, kitambaa kilishatoka Kariakoo, na nusu kilishakatwa.

Tarehe 16 Machi Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, akatangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, msafiri aliyeingia kupitia Kilimanjaro. Kesho yake Waziri Mkuu wa wakati ule, Kassim Majaliwa, ambaye sisi watu wa Lindi tunamhesabu mwana wa nyumbani, akafunga shule na kusitisha mikusanyiko. Huku kwetu ilianza kama habari ya mbali. Baada ya siku chache mwenyekiti wa kitongoji akapita nyumba zenye harusi: ngoma hakuna, turubai hakuna, kesha hakuna.

Misikiti haikufungwa. Lakini ndoo za koki na sabuni ziliwekwa milangoni, na wazee wakahimiza watu watie udhu nyumbani na waje na miswala yao. Sokoni ndoo, dukani ndoo, na kwenye basi la Dar hupandi kabla hujanawa. Aprili ndege za abiria kutoka nje zikasitishwa, wageni wa magofu ya Kisiwani wakatoweka, na kina mama waliokuwa wakiwapikia wakarudi na mashua bila senti. Baadhi yao walikuwa wadeni wetu. Tungewadai nini?

Mama wa bibi harusi akaja kudai kianzio chake. Alikuwa na haki, na sisi tulikuwa na kitambaa badala ya pesa. Tulikaa naye sakafuni tukahesabu pamoja. Tukakubaliana gauni moja limaliziwe, sare zilizokatwa azichukue, zilizobaki tumrudishie pesa kidogo kidogo. Hatukuandikiana chochote, na mara mbili tuligombana juu ya hesabu hiyo. Tangu hapo kila mteja wetu anaandikiwa daftarini: kianzio kiasi gani, na harusi ikiahirishwa itakuwaje. Bi harusi, usimwonee aibu fundi wako. Mwambie akuandikie.

Nikahi ilisomwa msikitini baada ya Alasiri. Walii, mashahidi wawili, ndugu wachache, mahari ikatajwa, ijabu na kabuli, dua. Haikufika saa moja. Nyumbani alikuwepo bibi harusi, mama yake, bibi yake, somo na sisi watatu. Hatutawadanganya kuwa ilikuwa raha. Bibi harusi alilia, na si machozi ya kuaga. Alilia kwa sababu mashoga zake hawakumwona, na hakuna aliyempigia vigelegele isipokuwa bibi yake mwenye pumzi fupi. Mpaka leo akipita dukani anatudai singo yake.

Lakini ndoa ilikuwa ndoa. Haikupungua sharti hata moja. Na sisi tunaokula kutokana na vile vingine vyote, shela, sare, ukumbi, mapambo, tunadaiwa kulisema hili kwa sauti kuliko mtu yeyote. Vingine vyote ni furaha, na furaha ni halali. Ila si nguzo.

Harusi zilipokatika tukashona barakoa. Tulianza na vipande vya kitenge vilivyobaki, tabaka mbili, baadaye tatu. Lastiki ziliisha madukani ndani ya wiki, tukakata mikanda ya kitambaa. Na hapo tukagundua jambo lililotuuzia kuliko yote: barakoa ya kuvaa masikioni inamsumbua mwanamke wa mtandio. Aivae ndani, akitaka kuivua anavuruga ushungi wote. Aivae nje, haina pa kushika. Tukaweka mikanda mirefu ya kufunga kisogoni, juu ya mtandio. Kila moja shilingi 1,000. Dada wanaovaa nikabu walituuliza kama nikabu yenyewe haitoshi. Tuliwajibu kama mafundi, si kama madaktari: kitambaa chepesi cha tabaka moja, kinachoning'inia wazi kwa chini, si sawa na pamba ya tabaka tatu iliyobana pua na kidevu. Tukawashonea barakoa nyembamba za kuvaa ndani ya nikabu. Kwa pesa hizo tulimaliza deni la yule mama siku mbili kabla ya Idi.

Mmoja wetu alikuwa na mimba ya miezi saba. Kliniki, benchi la kukaa kumi likawa la wanne. Huna barakoa, huingii. Dada au shangazi aliyekusindikiza anabaki nje chini ya mwembe. Alijifungua ndani ya Ramadhani bila mtu wake wa kumshika mkono, mama yake akiwa getini na chupa ya uji tangu daku mpaka adhuhuri. Wauguzi walifanya walichoweza, Mwenyezi Mungu awalipe. Mtoto ni mzima, alhamdulillah. Ila mwenzetu anasema mpaka leo kwamba uchungu anausahau, ila ule upweke hausahau.

Kisha ikaja kimya. Mwanzoni mwa Mei takwimu zikaacha kutolewa, za mwisho zikisema wagonjwa 509 na vifo 21 kwa nchi nzima. Juni tukaambiwa ugonjwa umeondoka, na tarehe 29 Juni watoto wetu wakarudi shule zote. Ndoo zikakauka. Moja ya kwetu tuliigeuza ya kuloweka vitambaa. Harusi zilizoahirishwa zikaja zote kwa pamoja, na kila mama alitaka kulipiza. Waliopanga sare arobaini wakataka themanini. Sisi tulifurahi sana. Tulikuwa na madeni.

Sasa tunafika pale tunapopaona pagumu.

Januari 2021 mmoja wetu alikwenda Kariakoo kuchukua kitambaa cha sare. Alirudi na mafua, kikohozi kikavu, na chakula hakina ladha. Dar watu walikuwa wakinong'onezana kuwa ugonjwa umerudi. Sisi tulisema mafua ya vumbi. Akapiga nyungu, akanywa tangawizi na ndimu, na siku ya tatu, kwa kuwa harusi ilikuwa karibu na pesa iliyobaki hulipwa siku ya kupima, tukaenda wote watatu nyumbani kwa bibi harusi. Barakoa tulizishona wenyewe, na siku ile hatukuvaa hata moja. Tuliogopa tutaonekana tunamtia nuksi bibi harusi.

Somo wa bibi harusi yule alikuwa somo wa nusu ya wasichana wa Masoko. Mama mtu mzima, mcheshi, kungwi anayejua kukufunda bila kukuvunjia heshima. Alikaa bega kwa bega na mwenzetu aliyekuwa akikohoa, akimshikia pindo apige pini. Walikunywa chai pamoja. Harusi ikafana, ua mzima ukajaa wanawake.

Siku kama kumi baadaye somo akaanza kubanwa na pumzi. Alikufa katikati ya Februari, wiki ile ile ambayo nyinyi wa Unguja na Pemba mlimzika Maalim Seif Sharif Hamad. Hakupimwa. Watu walisema changamoto ya kupumua, kama ilivyosemwa kila mahali siku zile.

Wazee wakaamua waoshaji wawe watatu tu, wavae glovu, barakoa na aproni za nailoni, na wakimaliza waoge na nguo zao zifuliwe. Mabinti zake walitaka kuingia wote, wakakatazwa. Sanda ya mwanamke ina vipande vitano, na sisi ndio tulioitwa kuikata. Tuliikata mezani petu, pale pale tulipokata sare za harusi ile. Hakuna kati yetu aliyesema neno.

Hatujui kama ugonjwa ulitoka kwetu. Ua ule ulikuwa na watu wengi, na kila mmoja ana pumzi yake. Lakini tulijua mwenzetu anaumwa, na tukanyamaza. Hilo tunalijua.

Tulikaa nalo zaidi ya mwaka. Mwishowe tukaenda kwa binti yake mkubwa, tukamweleza yote, tukamwomba radhi. Alikaa kimya muda mrefu, akimpapasa mjukuu mapajani. Kisha akasema: "Siku yake ilifika. Lakini mngesema."

Maneno hayo mawili tunayabeba yote. La kwanza ni imani: hakuna nafsi inayokufa kabla ya ajali yake. La pili ni amana. Wengi wetu, tukishashika la kwanza, tunalitupa la pili, na tunaita hivyo kutawakali.

Sayyidna Umar alipokuwa akielekea Sham, alipofika Sargh alipata habari kuwa kuna tauni mbele. Akashauriana na watu wake, akaamua kurudi. Abu Ubayda akamuuliza kama anakimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akamjibu kuwa wanakimbia kutoka kwenye kadari ya Mwenyezi Mungu kwenda kwenye kadari ya Mwenyezi Mungu. Ndipo Abdurrahman bin Awf akawaeleza alichokisikia kwa Mtume, rehma na amani zimshukie: penye tauni usiingie, na ikikukuta ulipo usitoke kuikimbia. Hapo hakuna aliyeambiwa imani yake ndogo. Nani kati yetu ana tawakali kuliko Umar?

Mwaka ule ule nchi ikapata Rais mwanamke, Mama Samia Suluhu Hassan, mzaliwa wa kisiwani kwenu, na tarehe 28 Julai akachanjwa hadharani Dar es Salaam. Maneno yalikuwa mengi mitaani: itawafanya tasa, itawaua. Mabibi harusi walituuliza kwa wasiwasi, kana kwamba fundi cherehani anajua kila kitu. Tuliwatuma wakaulize hospitali. Sisi watatu tulichanja siku moja, tukafunga duka, na jioni kila mmoja alikuwa na homa yake. Tulimkumbuka somo.

Leo ndoo imerudi mlangoni petu, na si kwa amri ya mtu. Barakoa zipo kwenye droo ya pini. Ukutani tumebandika karatasi: ukiumwa, tuambie, tukiumwa, tutakuambia. Mwaka jana tuliahirisha kupima harusi mbili kwa sababu mmoja wetu alikuwa na homa. Mama mmoja alitununia mpaka siku ya kumtoa bibi harusi. Tulivumilia.

Mpenzi bi harusi, ukipanga siku yako anza na nikahi, hayo mengine yafuate kwa kadiri ya uwezo na afya. Kama bibi yako ana pumzi fupi, au somo wako ni mtu mzima, mtengee kiti penye upepo, na mwenye kikohozi asikae naye, hata awe shangazi mwenye zawadi kubwa. Na wewe ukiamka na homa siku ya kupima, usione haya kupiga simu.

Yule bi harusi wa mwezi uliopita alikuja baada ya siku tisa, mzima, na vipimo vilikuwa vimepungua inchi moja kiunoni. Tulikaza mshono, basi. Gauni lilingoja, wala halikuharibika.

Tunaomba mumwombee somo wetu. Mtume alitufundisha kuwa anayekufa kwa tauni ana daraja la shahidi, na sisi tunamwombea Mwenyezi Mungu amhesabu miongoni mwao, ampanulie kaburi lake, na atusamehe kunyamaza kwetu. Aamin.