Dawa Isiyo na Kwao



Makala ya wiki hii twaiandika kutoka bara, kwenye vilima vya Kericho, ambako Mwenyezi Mungu ametujaalia kufundisha madrasa kwa miaka mingi. Huku mvua hunyesha karibu kila alasiri, na ardhi yote, kutoka Kericho mjini hadi Litein na Kapkatet, na kuendelea hadi Bomet, imevaa kijani cha michai. Nia yetu ni kuzungumzia dawa, na kosa tulilolifanya sisi wenyewe, si la kusimuliwa. Lakini kosa hilo hatukulielewa sawasawa mpaka tulipolitazama kwa macho ya mchuma chai, kwa hivyo mtuwie radhi tuanzie shambani.

Mkulima mdogo wa huku huchuma majani mawili na chipukizi lake, akayatia kikapuni na kuyabeba hadi kituo cha kununulia majani. Hapo karani huyapekua kwa mkono. Yakiwa magumu, au yametiwa maji yaongezeke uzito, huyakataa papo hapo. Yanayofaa hupimwa na kuandikwa kwa namba ya mkulima, kisha yakapelekwa kiwandani. Chai ikishakauka hutiwa magunia yenye jina la kiwanda na namba ya fungu, na nyingi yake huteremshwa kwa malori hadi Mombasa, kwenye mnada uliohamia huko kutoka Nairobi mwaka 1969. Nyinyi wa Mombasa mwayajua maghala yake. Waonjaji huionja kijiko kwa kijiko kabla bei haijatajwa. Katika miaka ya karibuni mnada wenyewe umeingia kwenye kompyuta, na mnunuzi aweza kutoa bei yake akiwa ameketi ofisini. Hata hivyo jina la kiwanda halikuondoka, wala namba ya fungu, wala kijiko cha muonjaji.

Haya yote ni kwa ajili ya kikombe cha chai. Sasa sikilizeni tulivyonunua dawa.

Mama watoto wetu ana shinikizo la damu, maradhi ambayo wengi wenu mwayajua kwa jina la presha. Daktari alimwandikia kidonge kimoja kwa siku, naye akakizoea. Mwezi wa Shaabani mwaka mmoja, akataka kununua akiba ya Ramadhani ili asihangaike na safari ya mjini akiwa amefunga. Pesa zilikuwa chache, kwani huku mambo mengi hungojea bonasi ya majani chai, na wazazi wa wanafunzi wetu walikuwa hawajalipa ada. Tukaona kwenye simu tangazo la mtu anayeuza dawa za presha, za kisukari na za kupunguza mwili, kwa nusu ya bei tuliyoizoea, na mzigo kuletwa kwa basi. Hakuuliza cheti cha daktari. Hakuuliza mgonjwa ana umri gani wala anatumia dawa gani nyingine. Alituuliza jambo moja tu, nalo ni kama tumekwisha kutuma pesa.

Kifurushi kilifika siku ya tatu. Sanduku lilikuwa zuri, na jina la dawa lilikuwa lile lile. Tukafurahi. Kwa furaha hiyo tukafanya jambo ambalo hadi leo latuuma kuliko ununuzi wenyewe: baada ya darasa la akina mama, siku ya Alhamisi, tukawapa watatu kati yao namba ya yule muuzaji, tukasema ni mtu mwaminifu. Mtu hatujapata kumwona, nasi twamtolea ushahidi!

Ramadhani ikaingia. Katika kumi la pili mwenzetu akaanza kuumwa na kichwa, na macho kuona ukungu. Tukasema ni saumu. Yeye mwenyewe akasema ni saumu, akakataa kufungua. Usiku mmoja, akitayarisha daku, akashindwa kusimama. Tulipomfikisha hospitali, kipimo kilisoma 190 juu na 112 chini. Daktari akauliza kama ameacha dawa. Hakuacha hata siku moja, alikuwa akimeza kila usiku baada ya futari, na sisi tukimshuhudia.

Mfamasia wa pale, binti mdogo wa umri wa wanafunzi wetu, akaomba kuliona sanduku. Hakulitazama kwa mbele, penye rangi na maandishi makubwa. Aligeuza ubavuni, kisha akatoa karatasi ya bati inayoshika vidonge, akaviweka viwili hivyo sambamba juu ya meza.

"Sheikh," akasema kwa adabu, "soma namba ya toleo hapa, kisha usome hapa."

Hazikuwa sawa. Sanduku lilikuwa na namba moja na vidonge namba nyingine. Hapakuwa na karatasi ya maelezo ndani. Kidonge alipokibana kwa vidole kikavunjika kama chaki. Akatuambia kwamba yeye hawezi kusema kilichomo ndani mpaka kipimwe maabara, bali awezacho kusema ni kwamba dawa hii haijulikani imetoka kwa nani.

Hapo tukakumbuka mlango wa biashara katika vitabu vyetu vya fikihi. Mwanafunzi wa madrasa hufundishwa mapema kwamba kuuza samaki angali baharini hakufai, kwa sababu ya gharari, yaani mnunuzi hajui anunuacho. Tumeufundisha mfano huo mara zisizohesabika. Na kisa cha Bwana Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, alipotia mkono wake ndani ya chungu ya nafaka sokoni, vidole vikatoka na umajimaji uliofichwa chini, nacho tumekisimulia. Lakini sisi hatukuutia mkono wetu ndani ya sanduku. Wahenga wamesema rahisi huvunja upishi, na hapa kilichokaribia kuvunjika ni nyumba.

Mwenzetu alilazwa, akapewa dawa yake ya haki, na baada ya siku chache akarudi nyumbani, alhamdulillah. Yule muuzaji tulimpigia mara moja. Akasema dawa zote ni moja, akakata simu, na tangu hapo hakupatikana tena.

Lakini palikuwa na wale wanawake watatu. Tukaenda kwao mmoja mmoja. Wa kwanza hakununua. Wa pili alinunua na hakuanza kutumia, akatupa sanduku mikononi mwetu. Wa tatu ni mjane mwenye shamba dogo la chai upande wa Mogogosiek, naye ana kisukari. Tulimkuta akirudi kutoka kituo cha majani, kikapu kitupu mgongoni, mvua ikimchuruzika. Tukamweleza yote bila kujitetea. Akatutazama kwa muda.

"Maalim," akasema, "mimi sikumwamini mtu wa simu. Nimeuamini mdomo wako."

Hatukuwa na jibu. Akaingia ndani akaleta sanduku lake. Tulipohesabu, vidonge vilibaki vingi kuliko ilivyopasa, kwani alikuwa akivikata vipande viwili ili vidumu. Tukapanda naye matatu siku ile ile. Sukari yake ilikuwa imepanda mno, lakini haikuwa imemwangusha, na madaktari wakaishughulikia. Twamshukuru Mola kwa hilo, na twajua kwamba ingaliweza kuwa vingine.

Wapenzi wasomaji, msije mkafahamu kwamba twakataza kununua dawa mtandaoni. Kwa mama aliye mbali na mji, mwenye watoto wadogo au miguu inayouma, kuletewa dawa mlangoni ni rehema. Mnada wa chai umeingia kwenye kompyuta na chai haikuharibika kwa hilo. Ubaya umo katika dawa isiyo na kwao, isiyo na mtu wa kuulizwa. Basi tuyataje tuliyofundishwa na yule binti, na tuliyojifunza baadaye.

La kwanza ni duka. Hapa Kenya dawa zina sheria yake, Sura ya 244, iliyoanza kutumika mwaka 1957, na msimamizi wake ni Bodi ya Dawa na Sumu. Duka la dawa, liwe la barabarani au la mtandaoni, lazima liwe na leseni ya Bodi, na kazi isimamiwe na mtaalamu aliyesajiliwa. Leseni hizo huhuishwa kila mwaka. Bodi ina tovuti yake ambamo waweza kutafuta jina la duka. Ukiwa huwezi, mpe kijana wako akutafutie, au umuulize mfamasia wa hospitali. Muuzaji wa haki hukuambia duka lake liko mtaa gani na mfamasia wake ni nani. Asiyekuwa na pa kuendewa ila namba ya simu, huyo ni samaki wa baharini. Shirika la Afya Duniani liliwahi kueleza kwamba dawa zilizonunuliwa kwenye tovuti haramu zinazoficha anwani zao, zaidi ya nusu zimekutwa kuwa bandia.

La pili ni cheti. Dawa za presha, za kisukari, za kifafa, na viuavijasumu ni dawa za cheti cha daktari. Sisi tulidhani asiyetuuliza cheti ametuhurumia. Kinyume chake ndicho kweli. Duka la mtandaoni lenye amana hukutaka utume cheti chako, na mfamasia hukisoma kabla ya kufunga mzigo, akakupigia akiona dawa mbili zinagombana. Akitokea muuzaji akakuuzia dawa ya cheti pasipo cheti, amekwisha kuvunja sheria mbele yako. Utamwaminije katika kile usichokiona?

La tatu ni malipo. Tazameni pesa zaingia kwa jina la nani. Duka lina namba ya biashara yenye jina la duka, na hutoa risiti. Sisi tulituma kwa namba ya mtu binafsi, na siku ya kudai hatukuwa na hata karatasi.

La nne ni sanduku likifika. Msilitupe, wala msihamishie vidonge kwenye chupa nyingine. Someni jina la dawa na nguvu yake, mtengenezaji, tarehe ya kwisha, na namba ya toleo nje na ndani. Lindeni mfano wa kidonge cha zamani mpate kulinganisha rangi, umbo na alama. Kikitofautiana, muulizeni mfamasia kabla ya kumeza, kwani huenda ni kampuni nyingine ya halali, na huenda sivyo. Insulini ina shuruti zaidi: ile isiyofunguliwa hutunzwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, bila kugandishwa. Iliyosafiri siku nzima ndani ya buti la basi bila barafu, hata kama ni ya kweli ilipotoka, yaweza kuwa imekwisha kuharibika.

La tano ni kwa dada zetu hasa. Wauzaji hawa hawauzi dawa za wagonjwa peke yake. Huuza pia sindano za kupunguza mwili na vidonge vya kung'arisha ngozi, na huandika kwa lugha ya ukaribu, dada yangu, mpenzi wangu. Mwezi Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari ya sindano bandia za dawa ya kisukari ambayo watu huitumia kupungua, zilizogunduliwa Brazil, Uingereza na Marekani. Ikiwa nchi hizo zimeingiliwa, sisi tusijidanganye. Na aliye na jamaa Maskati au Dubai anayetaka kumtumia dawa, aulize Bodi kwanza, kwani kuingiza dawa nchini kuna masharti yake.

La mwisho, mkitilia shaka dawa mnayoitumia, msinyamaze kwa haya. Nendeni hospitali na sanduku lenyewe, mpimwe, mpewe dawa ya kuaminika, kwani kuiacha dawa ya presha au ya kifafa ghafla bila ushauri kuna hatari yake. Kisha muombeni mfamasia aipeleke habari kwa Bodi. Sanduku letu lilipelekwa hivyo, pamoja na yale mawili ya wanafunzi wetu.

Mtaona kwamba hatukutaja jina la duka lolote la kununua. Wengine walituuliza tuwape namba nzuri badala ya ile mbaya. Tumekataa. Kumsifu muuzaji ni kutoa shahada, na shahada hutolewa juu ya ulichokijua. Sisi twaonyesha njia ya kuchunguza, na kila nyumba ichunguze.

Yule mama wa Mogogosiek angali anakuja darasani siku ya Alhamisi. Kila mwezi, akishachukua dawa zake, hupitia kwetu kabla ya kwenda nyumbani. Hatoi salamu ndefu. Hutoa sanduku kikapuni, akaliweka mbele yetu, akangojea. Nasi twavaa miwani, twasoma namba ya nje kwa sauti, kisha twasoma ya ndani. Zikilingana hulirudisha kikapuni na kwenda zake. Hajapata kusema kwamba ametusamehe, nasi hatujamuuliza.

Mola azihifadhi nyumba zenu na awaponye wagonjwa wenu. Wabillahi tawfiq.