Sufuri Nane

Baba Mdogo,

Huku joto la Texas limewahi mwaka huu. Habari za nyumba yetu nitakueleza kwa simu Jumapili. Leo nina jambo moja, maana bahasha tuliyoingoja miezi 16 imefika Alhamisi, na tangu ifike siachi kuufikiria ule mkebe wa babu ulio juu ya kabati lako.

Unamkumbuka yule kijana wa Kikamba niliyekuwa nikifanya naye kazi ya usiku ghalani, mwaka ule nilipokuja? Alikuwa na viza ya masomo, karo ikamshinda mwaka wa pili. Wakati huohuo jeshi la Marekani lilikuwa limefungua mpango ulioitwa MAVNI, wa kuwaandikisha wageni wenye viza halali wanaojua lugha ambazo jeshi lilizihitaji. Kiswahili kilikuwa kwenye orodha. Wakenya wengi walipita mlango huo kabla haujafungwa mwaka 2016, naye alipita mwaka 2010. Akala kiapo cha uraia akiwa amevaa sare, mwishoni mwa mafunzo ya mwanzo, na picha ya siku hiyo mama yake ameitundika sebuleni hadi leo.

Mwaka 2012 kikosi kimoja kilichokuwa kikienda Afghanistan kilipungukiwa na madereva. Wakamwazima kutoka kikosi chake. Akakaa Kandahar miezi tisa, akiendesha malori ya mafuta na maji, akilala karibu na shimo ambamo kambi ilichomea taka zake zote: plastiki, betri, matairi, dawa. Moshi wake, anasema, ulikuwa na ladha. Aliporudi alirejea kwenye kikosi chake cha zamani, na kile kilichomwazima kikavunjwa baadaye. Karatasi za safari yake hazikumfuata.

Hilo hakulijua. Mwanajeshi wa Marekani akiondoka jeshini hupewa fomu inayoitwa DD 214. Ni ukurasa mmoja uliojaa visanduku vidogo, lakini maisha yote yanayofuata yanapita humo: matibabu, mkopo wa nyumba, hata bendera itakayofunika jeneza. Siku ya kuondoka karani alimwekea fomu hiyo mezani akamwambia aikague. Akaangalia jina lake kama limeandikwa sawasawa, kwa sababu sisi wenye majina matatu tumezoea kuharibiwa majina. Jina lilikuwa sawa. Akatia sahihi, akaikunja, akaenda zake. Ilikaa ndani ya Biblia miaka minane.

Kifua kilipoanza kumbana usiku, daktari akasema ni pumu. Mwaka 2022 ilipitishwa sheria hapa, inaitwa PACT, inayosema kwamba aliyetumikia Afghanistan au Iraki na akapata magonjwa fulani baadaye, pumu ikiwemo, halazimiki tena kuthibitisha kuwa ni ule moshi uliomdhuru. Inatosha kuonyesha kwamba alikuwa huko. Akaenda na fomu yake kwenye dirisha la ofisi inayowahudumia askari wa zamani, akijua hilo ndilo rahisi kuliko yote. Mama aliyekuwa dirishani akaisoma, akaigeuza, akamwonyesha kwa ncha ya kalamu kisanduku cha 12, mstari wa utumishi nje ya nchi. Miaka: 0000. Miezi: 00. Siku: 00.

Alikuja kwangu usiku ule akiwa bado na sare ya kazini. Akaiweka karatasi kwenye meza ya jikoni, karibu na sufuria ya ugali, akaweka kidole juu ya sufuri zile akazihesabu moja moja hadi nane. Kisha akashuka kisanduku cha 13, kile cha nishani. Zilikuwapo tatu, zile ambazo karibu kila askari wa miaka ile alipewa hata kama hakuvuka bahari. Nishani ya kampeni ya Afghanistan haikuwapo, wala ile ya NATO. Ya Afghanistan haihitaji ushujaa wowote. Inahitaji uwe umekaa huko siku 30 mfululizo, au 60 kwa vipande. Yeye alikaa zaidi ya 270.

Akaniambia kitu ambacho sijaacha kukisikia. Alisema pale dirishani, mbele ya watu waliopanga foleni, alijisikia kama mtu aliyeshikwa akidanganya.

Baba Mdogo, hapo ndipo nilipoelewa kwamba tunachokitafuta si shaba na kitambaa. Kuna watu, hata huku, wanaodhani askari mzee anayedai nishani yake anataka sifa. Huyu hakuwahi hata kutaja Kandahar kwenye mazungumzo yetu ya nyama choma. Alichotaka ni karatasi ya serikali iseme kweli kuhusu mahali mwili wake ulipokuwa. Serikali ndiyo iliyomtuma, serikali ndiyo iliyosahau kuandika, na bado kazi ya kuthibitisha ikamwangukia yeye. Jambo hilo linaniuma mpaka sasa.

Njia ya kurekebisha ipo, na nataka uijue kwa sababu vijana wa huko wenye ndugu jeshini huku wataniuliza. Kwanza unaandikia ofisi inayotunza mafaili. Wakiona ushahidi ndani ya faili lenyewe, wanakupa fomu nyingine, DD 215, inayosahihisha ile ya kwanza. Sisi tuliandika tukajibiwa kwamba faili halina amri ya safari. Ikabaki bodi. Kila idara ya jeshi hapa ina bodi ya raia ya kurekebisha kumbukumbu za kijeshi. Maombi yetu yangesomwa na jopo la watu watatu. Unajaza fomu DD 149, unaeleza kosa ni nini, unaambatisha ushahidi wako. Sheria inakupa miaka mitatu tangu ulipoligundua kosa, ingawa bodi inaweza kusamehe ucheleweshaji ikiona haki inadai hivyo.

Ushahidi ulipatikana wapi? Kwenye bahasha ya risiti za mabati! Mwaka ule wa 2012 alikuwa akimjengea baba yake nyumba huko Machakos, na kila mwezi alichapisha hati yake ya mshahara ili ajue atatuma kiasi gani. Zote zilikuwa humo, zimebanwa pamoja na risiti za saruji, misumari na fundi. Na katika kila hati ya miezi ile kuna mstari unaosema dola 225, posho anayolipwa askari aliye mahali pa hatari. Mtu aliyeko Texas halipwi posho hiyo. Tulizipanga juu ya meza kwa tarehe, miezi tisa, na ilikuwa mara ya kwanza kwa wiki nyingi kumwona akicheka. Nyumba ya mzee ndiyo iliyotunza kumbukumbu ambazo jeshi lilizipoteza.

Wenzake wawili waliokuwa naye kwenye msafara wa malori waliandika barua za kiapo. Mmoja yuko Ohio. Alikumbuka hata jinsi rafiki yangu alivyokuwa akipika chai ya maziwa kwenye kopo la kahawa, akaiandika hiyo chai ndani ya kiapo, nasi tukaiacha palepale.

Maelezo yenyewe ndiyo yaliyotusumbua. Mara ya kwanza aliandika kurasa tatu za hasira. Tukazipeleka kwa mzee mmoja, Mmarekani mweusi, ambaye kaunti imemwajiri kusaidia askari wa zamani na karatasi zao. Ana zaidi ya miaka 80 na bado anakuja ofisini amefunga tai. Alizisoma zote tatu bila kuruka mstari, akavua miwani, akasema: “Mwanangu, usiwaambie kwamba uliumia. Waambie kwamba ulikuwepo.” Tukaandika upya, nusu ukurasa, tarehe na mahali tu.

Mzee huyo anajua anachosema. Alitumikia Korea Kusini katika miaka ya 60, baada ya vita kusimamishwa, na kwa muda mrefu utumishi wa namna hiyo haukuwa na nishani yake. Bunge la Marekani liliiidhinisha mwaka 2002, ihesabiwe kurudi nyuma mpaka Julai 1954. Kwa hiyo watu waliokwisha kuwa na wajukuu wakaanza kuomba fomu zao za ujanani zisahihishwe. Yeye alisahihishiwa yake. Wenzake wengi, alisema, walikuwa wameshazikwa.

Ndiye aliyetueleza pia habari za moto wa St. Louis, na nikakaa nikaisoma habari hiyo usiku mzima. Mafaili ya askari wa Marekani yalikuwa yamekusanywa katika jengo moja kubwa kwenye kiunga cha mji huo. Tarehe 12 Julai 1973 ghorofa ya sita ikashika moto. Ukaunguza kati ya mafaili milioni 16 na 18. Hakukuwa na nakala. Kwa askari wa nchi kavu walioachishwa kati ya 1912 na 1960, asilimia 80 ya mafaili yao yakateketea, maana yake vita kuu zote mbili na ile ya Korea. Yaliyosalia yalilowa kwa maji ya zimamoto, yakakaushwa, na mengine yanatunzwa hadi leo yakiwa na kingo nyeusi zilizoungua. Mjane akiuliza mume wake alipigana wapi, mtunza kumbukumbu anaanza kuokoteza: orodha za malipo, taarifa za hospitali, barua alizozihifadhi mwenyewe chini ya godoro.

Lakini si kila pengo limeletwa na moto. Katika Vita Kuu ya Pili, Wamarekani weusi zaidi ya milioni moja walivaa sare, na hakuna hata mmoja aliyepewa Nishani ya Heshima, iliyo ya juu kuliko zote. Hilo halikuwa kosa la karani. Januari 1997, baada ya uchunguzi upya ulioagizwa na jeshi lenyewe, Rais Clinton aliwatunuku saba. Mmoja tu, Vernon Baker, alikuwa hai kuja kuipokea kwa mkono wake.

Sasa nije nyumbani. Ukitoka Voi kwenda Taveta, unajua yale makaburi ya askari wa Vita Kuu ya Kwanza, nyasi zimekatwa, mawe yamesimama kwa mstari, jina na tarehe. Nikiwa mtoto niliyaona mazuri sana. Sikujiuliza wako wapi waliobeba mizigo ya vita ileile, maelfu kwa maelfu, wale wa Carrier Corps ambao jina lao tumelifanya Kariakoo na Kariokor tukalisahau. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti na kuomba radhi. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, waliokufa kwa vita ile, hawakukumbukwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa. Niliisoma nikafikiria sufuri nane.

Babu hakuwa wa vita ile, alikuwa wa iliyofuata. Wewe ndiye uliyeketi naye zaidi. Mimi nakumbuka vipande tu: meli kutoka Mombasa hadi Ceylon, kisha Burma, bonde la Kabaw wakati wa mvua, matope yanayovua buti, homa. Alikuwa akilitaja daraja la Kalewa, nasi watoto tukadhani ni mahali pa hadithi. Kumbe ni mahali kweli. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka bonde hilo mwaka 1944, ikafika Kalewa mwezi wa Desemba, na mto Chindwin ukajengewa daraja. Askari wa kampeni ile walistahili nyota ya Burma. Sikumbuki kuiona nyota yoyote nyumbani kwetu, na babu hakuwahi kusema kama alipewa akaiuza, au kama hakuitwa kuichukua.

Bahasha ya Alhamisi ilikuwa nyembamba. Ndani kulikuwa na DD 215, ukurasa mmoja. Fomu ya zamani haifutwi, Baba Mdogo. Sufuri zile zitabaki hivyohivyo, na karatasi mpya itaandamana nayo daima ikisema mstari ule usomwe miezi tisa na siku nne, na kisanduku cha 13 kiongezwe nishani mbili. Zenyewe zitakuja kwa posta. Rafiki yangu aliisoma akiwa amesimama mlangoni. Kisha akaipiga picha akamtumia baba yake, na mzee akapiga simu akilia, akiuliza kama sasa atatibiwa kifua.

Ombi langu ni hili. Uteremshe ule mkebe. Ndani kuna kile kitabu cha babu cha kuachishwa jeshi, nadhani chini ya kadi za chama cha ushirika. Usikipeleke kutiwa plastiki wala usikishone kilipoachia. Kipige picha kila ukurasa, mbele na nyuma, mchana penye mwanga, hasa palipoandikwa namba yake ya askari na kikosi chake, hata kama wino umefifia. Uingereza bado inapokea maombi ya medali ambazo hazikuwahi kuchukuliwa, na ndugu wa karibu wa marehemu anaruhusiwa kuomba. Wewe ndiye mwanawe pekee aliyebaki, kwa hiyo sahihi itakuwa yako. Mimi nitaandika barua, wewe utaisoma kwanza.

Na kama mna picha yoyote ya babu akiwa na sare, hata iliyoliwa na mchwa, iwekeni pamoja. Msalimie Mama Mdogo, mwambie dawa zake za macho nimezituma kwa mtu anayesafiri tarehe 20.

Mwanao.